Fimbo ya Mbali: Wabarawa wa Ughaibuni, Vita vya Somalia na Lahaja ya Chimwini, 1991–2018

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Wabarawa, wasemaji wa lahaja ya Chimwini, walivyovifuatilia vita vya kwao kutoka Mombasa, Ulaya na Amerika Kaskazini tangu mwaka 1991. Hoja kuu ni kwamba kutazama vita kutoka mbali kulikuwa kazi ya kilugha. Habari za vita ziliwafikia kwa lugha za wengine, kumbukumbu ya mji ikabaki katika Chimwini, na Chimwini hicho kikageuka kuwa ushahidi uliotakiwa na maofisa wa uhamiaji. Makala yanahitimisha kwa kuonyesha deni la taaluma ya Kiswahili kwa lahaja hii, na kwamba muda wa kulilipa unakwisha.

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu umuhimu wa kilicho karibu, lakini hutumiwa pia kumnyamazisha aliye mbali: madhali hupo, huna la kufanya, na kwa hiyo huna la kusema. Katika historia ya karibuni ya pwani ya Afrika Mashariki, ni jamii chache zilizoionja methali hii kama Wabarawa. Kuanzia mwaka 1991 mji wao uliporwa, ukatekwa na kutekwa tena, huku sehemu kubwa ya wenyewe ikiwa nje ya nchi, haina bunduki, haina chama, wala haina redio ya kuusemea.

Maandishi kuhusu vita vya Somalia yameshughulikia zaidi koo kubwa, majemadari wao na majeshi ya kigeni. Maandishi ya isimu ya Kiswahili, kwa upande wake, yameitaja Chimwini kila mara yanapoorodhesha lahaja: ni lahaja ya kaskazini kabisa, husemwa Barawa, basi. Nyanja hizi mbili hazijakutana vya kutosha. Mwanahistoria hauoni umuhimu wa lahaja, na mwanaisimu haoni kwamba mji ulioandikwa kwenye ramani yake ya lahaja umehamwa. Makala haya yanajaribu kuzikutanisha kwa swali moja: mtu aliye mbali anapotazama kwao kukiteketea, anafanya nini hasa, na anakifanya kwa lugha ipi?

Ni haki msomaji ajue msimamo wa mwandishi. Mwandishi ni mtoto wa jamii hii kwa upande wa mama, aliyezaliwa na kulelewa Mombasa. Barawa ilikuwa kwao kwa masimulizi kabla ya kuwa uwanja wake wa utafiti. Yaliyoelezwa hapa kutokana na kumbukumbu ya nyumbani yametajwa kuwa hivyo.

2.0 Mji na majina yake

Barawa iko kwenye pwani ya Benadir, takriban kilomita 200 kusini-magharibi mwa Mogadishu. Mji huu una majina manne yaliyo hai, na kila jina lina mahali pake pa kusimama. Wareno, na baadaye Waitaliano, waliuita Brava. Wasomali huuita Baraawe. Waswahili wa Lamu na Mombasa huuita Barawa. Wenyewe huuita Miini, neno ambalo asili yake ni sawa na “mjini” ya Kiswahili sanifu. Asemaye Brava anautazama mji kutoka baharini. Asemaye Baraawe anautazama kutoka bara, kama sehemu ya nchi pana. Asemaye Miini hautazami kutoka popote. Yumo ndani, na hana haja ya kuutofautisha na miji mingine. Chimwini basi ni “kimjini”, lugha ya watu wa mjini, na kiambishi chake *chi-* ni kile kile tukijuacho katika Kiswahili sanifu kama *ki-*.

Lahaja hii ina sifa mbili zinazoipa nafasi ya pekee katika historia ya Kiswahili. Kwanza, imehifadhi upambanuzi wa irabu ndefu na fupi ambao lahaja nyingine zimeupoteza. Pili, imehifadhi umbo la kale la njeo timilifu lenye *-ile*: pale Mswahili wa Mombasa asemapo *amesoma*, Mbarawa husema *somele*. Juu ya msingi huo wa Kibantu zimejengwa tabaka za maneno ya Kiarabu, Kisomali na Kiitaliano, kwa sababu Barawa ilikuwa bandari na jirani zake walikuwa Wasomali wa Tunni.

Hiyo pia ilikuwa lugha ya elimu na ibada. Sheikh Uways bin Muhammad (1847–1909), aliyeieneza tarika ya Qadiriyya hadi Zanzibar na Tanganyika, alikuwa mtu wa Barawa. Dada Masiti, malenga aliyefariki mwaka 1919, alitunga kwa Chimwini mashairi ya dini ambayo wanawake wa Barawa waliyahifadhi kwa moyo. Masimulizi ya jamii yanaeleza kwamba katika ujana wake alichukuliwa hadi Zanzibar, akaishi huko miaka kadhaa mbali na watu wake kabla ya kurejea. Jambo hili lina uzito katika hoja yetu. Kuwa mbali na Miini hakukuanza na vita. Jamii ilikuwa na kielelezo chake cha mtu aliyetenganishwa na kwao, akarudi, na sauti yake ikawa sauti ya mji.

3.0 Kabla ya vita: lugha bila dola

Somalia ilipata uhuru tarehe 1 Julai 1960 bila kuwa na mwandiko rasmi wa lugha yake. Uamuzi ulifikiwa Oktoba 1972, serikali ya Siad Barre ilipochagua hati za Kilatini na kuifanya Kisomali kuwa lugha rasmi. Kampeni kubwa ya kufuta ujinga vijijini ilifuata mwaka 1974 na 1975, wanafunzi wakipelekwa mashambani kufundisha. Hayo yalikuwa mafanikio ya kweli, na wapenzi wa lugha za Kiafrika wameyasifu kwa haki. Hata hivyo, yalijengwa juu ya dhana kwamba taifa la Somalia ni taifa la lugha moja. Chimwini, iliyokuwa imeandikwa kwa hati za Kiarabu kwa vizazi kadhaa, haikupewa nafasi shuleni wala ofisini. Ilibaki nyumbani, msikitini na sokoni.

Kuna sadfa moja inayostahili kutajwa. Mwaka huo huo wa 1974, wakati wanafunzi wa Somalia walipokuwa vijijini na mabango ya Kisomali, Charles Kisseberth na Mohammad Imam Abasheikh walichapisha huko Chicago makala kuhusu urefu wa irabu katika Chimwini. Abasheikh, mwana wa Barawa, aliikamilisha tasnifu yake ya uzamivu kuhusu sarufi ya lahaja hiyo katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1978. Hivyo, miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza, makao ya kitaaluma ya Chimwini yalikuwa tayari ng'ambo. Lugha ilitangulia ughaibuni kabla ya wasemaji wake wengi.

Udhaifu wa pili ulikuwa wa kisiasa. Wakazi wa kale wa mji, wakiwemo Wahatimi na Wabida, waliishi kwa biashara, ufumaji wa nguo na kazi ya ngozi. Nasaba zao hazikuingia vizuri katika mfumo wa koo kubwa ambao ndani yake ulinzi wa mtu hutegemea ukoo wenye silaha. Wakati wa amani hilo lilikuwa suala la heshima na ndoa tu. Dola ilipoanguka, likawa suala la uhai.

4.0 Mwaka 1991 na mlango wa Mombasa

Siad Barre aliikimbia Mogadishu mwishoni mwa Januari 1991. Katika miezi iliyofuata vikosi vya pande mbalimbali vilipokezana Barawa, na kila kilichoingia kilipora kilichoachwa na kilichotangulia. Nyumba zilivunjwa, wanawake walidhalilishwa, na watu wasiokuwa na mtu wa kuwalipia kisasi wakageuzwa ghala la kila mwenye bunduki. Waliobahatika walipanda majahazi na mashua kuelekea kusini. Wengine vyombo vyao havikufika.

Waliofika Mombasa walipokelewa katika kambi za pwani, zikiwemo Utange, Swaleh Nguru na ile iliyoitwa Benadir. Katika madaftari waliandikwa kuwa wakimbizi wa Kisomali, na kwa mujibu wa uraia hilo lilikuwa sahihi. Lakini katika mitaa ya Mji wa Kale na Majengo walisikika wakisema lugha ambayo mzee wa Kimvita aliielewa nusu: mzizi wa neno anaujua, mwisho wake unamponyoka. Hapa palikuwa na nafasi adimu ya kihistoria. Lahaja ambayo wanafunzi wetu waliisoma katika orodha ilikuwa imekuja mlangoni kwa miguu yake. Kwa jumla, idara zetu hazikutoka kuipokea. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kambi za pwani zilikuwa zimefungwa. Wakazi wake wakahamishiwa Kakuma na Dadaab, wakapelekwa Marekani na kwingineko, au wakajipenyeza katika maisha ya Mombasa.

Kwa kumbukumbu ya nyumbani, kila jahazi lilipofika jamaa zetu walikwenda kuuliza. Kinachobaki katika kumbukumbu ni namna ya maswali yao. Wazee hawakuuliza nani anashinda. Waliuliza kwa mitaa: Mpaayi pakoje, Biruuni pakoje, nyumba ya fulani ina mlango bado, kisima cha msikiti kina maji. Mgeni alijibu kwa mpangilio huo huo, nyumba baada ya nyumba, kana kwamba anatembea. Vita vilivyokuwa vikielezwa na ulimwengu kwa majina ya majemadari, katika Chimwini vilielezwa kwa majina ya milango.

5.0 Vita kwa lugha ya wengine

Jahazi lilipoacha kuja, ikabaki redio. Idhaa za Kisomali na Kiswahili za BBC, zote zilizoanzishwa mwaka 1957, ndizo zilizosikilizwa zaidi katika nyumba za Wabarawa wa Mombasa. Mbarawa aliyejua Kisomali alipata habari nyingi zaidi. Aliyelelewa Mombasa alisubiri Kiswahili. Hakuna idhaa kubwa ya kimataifa iliyomweleza habari za mji wake kwa lugha ya mji huo.

Matokeo yake yaliingia hadi katika msamiati. Maneno ya vita, kama vile wanamgambo, usitishaji wa mapigano, kikosi cha kulinda amani na msaada wa chakula, yaliingia katika mazungumzo yakiwa Kiswahili sanifu, Kisomali au Kiingereza, kutegemea redio ya nyumba husika. Maneno ya kilichopotea, yaani chumba, kisima, kaburi, chakula cha Idi na jina la utani la jirani, yalibaki Chimwini. Mzungumzaji alibadili lugha katikati ya sentensi kila alipovuka kutoka vitani kuingia nyumbani. Wanaisimujamii wana istilahi ya jambo hili, ubadilishaji msimbo, na mara nyingi hulieleza kwa mada, mahali na wahusika. Hapa mada na mahali vilikuwa kitu kimoja: msimbo ulionyesha mpaka kati ya tukio linalotangazwa na mahali panapopendwa.

Lilikuwepo pia tatizo la kutoonekana. Mwaka 1992 na 1993 picha za Somalia zilijaa katika televisheni za dunia: njaa ya Baidoa, kutua kwa majeshi yaliyoongozwa na Marekani Desemba 1992, mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 1993. Aliyetoka Barawa alizitazama picha hizo akitafuta mji wake, wala hakuuona. Ukimya huo ulidumu karibu miaka ishirini. Kundi la Al-Shabaab liliutawala mji kuanzia mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii, na lilipoipoteza Kismayo mwaka 2012, Barawa ikawa bandari yake muhimu. Mwaka huo huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara ya makaa ya Somalia, iliyokuwa ikilitajirisha kundi hilo. Makaburi ya masheikh wa Kisufi kusini mwa nchi yalivunjwa, na ziara zilizokuwa kiini cha mwaka wa kidini hazikuwezekana hadharani.

Kisha, tarehe 5 Oktoba 2013, makomando wa jeshi la majini la Marekani waliishambulia nyumba ya ufukweni Barawa alfajiri, wakaondoka bila ya kumpata waliyemtafuta. Kwa siku mbili tatu jina la mji lilitajwa duniani kote. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2014, majeshi ya Somalia na ya Umoja wa Afrika yaliingia mjini na Al-Shabaab ikaondoka. Mara zote mbili watangazaji walisema Baraawe au Brava. Mji uliokuwa umefichika ulionekana, lakini ulionekana kama ngome ya watu wengine. Aliye mbali alikuwa na machungu mawili: kutouona mji wake, na kuuona kwa jina ambalo mama yake hakulitumia.

6.0 Ulimi kama ushahidi

Kiswahili hutofautisha kutazama na kushuhudia. Mtu hutazama kutoka popote. Anayeshuhudia sharti awe alikuwepo. Wabarawa waliofika Ulaya kuomba hifadhi walitakiwa kuwa mashahidi, si watazamaji, na hati za kuzaliwa zilikuwa zimeungua pamoja na ofisi zake. Kilichobaki ni ulimi. Kuanzia miaka ya 1990 nchi kadhaa, zikiwemo Uingereza na Uholanzi, zilitumia uchanganuzi wa lugha ili kupima kama mwombaji ametoka anakodai ametoka. Kwa kuwa ilijulikana kwamba Wabarawa, Wabajuni na jamii nyingine za Benadir waliteswa, kujua Chimwini au Kibajuni kukawa na thamani ya pasipoti.

Udhaifu wa zana hiyo ulionekana mapema. Mwaka 2004 wanaisimu 19 kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa matumizi yake, wakisisitiza kwamba lugha huonyesha mahali ambapo mtu alilelewa kijamii, si uraia wake, na kwamba kazi hiyo ifanywe na wataalamu waliofunzwa. Mei 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipitia mashauri ya waombaji waliodai asili ya Benadir, na ikataka ripoti za namna hiyo zipimwe kwa uangalifu zaidi.

Kwa Wabarawa kulikuwa na tatizo mahususi zaidi. Mtu aliyengoja miaka saba Mombasa, akiuza sokoni na kusomesha watoto katika shule za Kenya, hawezi kubaki na Chimwini cha mwaka 1990. Mtoto aliyezaliwa kambini husema *amesoma* pale nyanya yake asemapo *somele*. Urefu wa irabu zake hupungua. *Ki-* huingia mahali pa *chi-*. Mchanganuzi anayesikiliza ukanda wa sauti ughaibuni husikia Kenya. Kwa hiyo miaka ile ya kungoja na kuitazama Barawa kutoka Mombasa iliacha alama katika ulimi, na alama hiyo ikasomwa kuwa dalili ya uongo. Umbali wenyewe uligeuzwa ushahidi dhidi ya aliyelazimishwa kuwa mbali.

Kuna sifa moja ya lahaja hii inayoonyesha vizuri kinachopotea. Katika njeo ya wakati uliopita, Chimwini hupambanua nafsi kwa mkazo: nafsi ya kwanza na ya pili huwa na mkazo kwenye silabi ya mwisho, na nafsi ya tatu kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. *Somele* yenye mkazo mwishoni ni “umesoma”. Yenye mkazo kabla ya mwisho ni “amesoma”. Herufi ni zile zile. Tofauti kati ya unayezungumza naye na yule asiyekuwepo imebebwa na mkazo peke yake. Lahaja nyingine za Kiswahili zinajulikana kwa mkazo wake wa silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto aliyelelewa kati ya wasemaji wa Kimvita ana kila sababu ya kuusawazisha. Akifanya hivyo, aliyepo na asiyekuwepo huwa sawa katika kitenzi chake. Huu si mfano wa kishairi. Ni swali la utafiti ambalo linaweza kujibiwa kwa kurekodi vizazi vitatu vya nyumba moja.

7.0 Fimbo ya mbali ilifanya nini

Turudi kwenye methali. Fimbo ya Wabarawa haikumuua nyoka; hakuna shairi lililoondoa kikosi mjini. Hata hivyo, mambo matatu yalifanyika kutoka mbali, na bila hayo historia ya mji ingekuwa nyembamba zaidi.

La kwanza ni fedha. Familia zilizobaki zilikula kwa hawala, kama zilivyokula familia nyingi za Somalia. Kufungwa kwa kampuni kubwa ya hawala ya Wasomali Novemba 2001, kufuatia mashambulizi ya Septemba mwaka huo Marekani, kulionyesha jinsi mkono huo ulivyokuwa dhaifu na wa lazima kwa wakati mmoja.

La pili ni maandishi. Mwaka 2004 Kisseberth na Abasheikh walichapisha huko Tokyo leksimu ya Chimwini yenye mifano ya matumizi. Mwaka 2006 Alessandra Vianello na Mohamed Kassim walichapisha rejista ya mahakama ya kadhi wa Barawa ya miaka ya 1893 hadi 1900, yenye mikataba na mali za watu wa mji. Kwa msomaji wa kawaida hizo ni kumbukumbu za sheria. Kwa aliyefukuzwa, ni hati kwamba babu zake waliishi, walinunua na kurithi mahali ambapo mgeni mwenye bunduki alidai ni pake. Mwaka 2018 wawili hao pamoja na Lidwien Kapteijns walitoa mkusanyiko wa mashairi ya dini ya Barawa ya tangu takriban 1890 hadi 1975. Mashairi yaliyokuwa yakikaririwa makaburini yalipata makao kitabuni wakati makaburi yenyewe hayakuwa salama.

La tatu ni jina. Mwaka 2018 Kombe la Dunia la CONIFA, la timu zisizo wanachama wa FIFA, lilichezwa London, na mwenyeji wake rasmi alikuwa Barawa, timu ya vijana wa asili ya kusini mwa Somalia waishio Uingereza. Ni rahisi kulicheka jambo hili: mwenyeji asiye na uwanja, anayekaribisha wageni katika jiji lisilo lake. Lakini baada ya miaka mingi ya jina hilo kutajwa pamoja na makomando na makaa, lilitajwa kwa siku kadhaa kama jina la wenye nyumba.

8.0 Hitimisho

Mjadala huu umeonyesha kwamba kutazama vita kutoka mbali si ukosefu wa tendo. Ni kuuliza kwa mitaa, kutafsiri habari, kukariri, kuandika, kutuma na kutetea jina. Na kila tendo kati ya hayo lina lugha yake. Umeonyesha pia gharama: lugha iliyobebwa nje ili kuuhifadhi mji hubadilishwa na huko huko ilikobebwa.

Ipo hesabu isiyohitaji takwimu. Msemaji aliyejifunza Chimwini ndani ya Miini kabla ya 1991, hata kama alitoka akiwa mtoto mdogo, sasa ni mtu mzima. Aliyekuwa mtu mzima wakati huo amevuka umri wa miaka hamsini, na aliyekuwa mzee hayupo. Baadhi yao wanaishi Mombasa, umbali wa nauli ya matatu kutoka vyumba vya mihadhara ambamo lahaja yao hutajwa kwa mstari mmoja. Idara za Kiswahili za pwani zina wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, na zina vifaa vya kurekodi. Kinachohitajika ni kuacha kuihesabu Chimwini kuwa lahaja ya Somalia pekee, na kuanza kuihesabu kuwa lahaja ya Mombasa pia, ya London na ya Amerika Kaskazini, kwa kuwa huko ndiko inakosemwa. Kwa wazee hawa sisi hatuko mbali, na methali ya fimbo haiwezi kutupa udhuru.